Shangazi, Yule Si Yesu

Sebuleni kwa shangazi yangu, Temeke, juu ya kabati la vyombo, kulikuwa na picha ya Yesu. Ndivyo tulivyoijua. Nywele ndefu zimeanguka mabegani kwa mawimbi, ndevu fupi, macho yanayokufuata kila ukihama kiti, mkono mmoja umeinuliwa kifuani. Shangazi aliikata kutoka kwenye kalenda ya zamani aliyopewa na mtawa mmoja wa Kijerumani, akaipeleka kwa fundi fremu. Fremu ikawa ndogo kuliko picha, fundi akachukua mkasi akapunguza pande mbili. Utoto wangu wote tulisali chini ya picha ile. Nilipotaka kuiba sukari nilizima taa kwanza, ili yule bwana asinione.

Nilikuwa na miaka 19 siku nilipofungua kitabu kikubwa cha sanaa maktaba nikakutana naye uso kwa uso. Safari hii picha ilikuwa nzima, mkasi haujaigusa. Upande wa kushoto wa uso pameandikwa mwaka 1500, na chini yake herufi A pana iliyosimama kama fremu ya mlango, na D ndogo imeingia katikati ya miguu yake. Upande wa kulia, mistari minne ya Kilatini. Maelezo ya chini ya ukurasa yakanifumbua macho: maandishi yale yanasema kwamba huyu ni Albrecht Dürer wa mji wa Nuremberg, amejichora mwenyewe kwa rangi zake akiwa na umri wa miaka 28.

Jamani! Miaka yote ile tulikuwa tunamwomba mtoto wa sonara.

Nilicheka peke yangu mpaka mkutubi akanikazia macho. Halafu kicheko kikakata. Maana wiki ileile nilikuwa nimetoka kwenye semina ya waandishi chipukizi, ambako mzee mmoja mwenye vitabu vyake alisoma shairi langu, akavua miwani, akaniuliza mbele ya watu: "Mimi, mimi, mimi. Wewe ni nani hata utuandikie habari zako?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, si unajua tena. Lakini nilivyorudi nyumbani nilifuta kila "mimi" daftarini. Miaka miwili iliyofuata niliandika habari za mkulima, za taifa na za jua linalochomoza. Mimi mtoto wa Temeke, sijawahi kushika jembe.

Basi tangu siku ile ya maktaba nimekuwa nikimwuliza Dürer swali la mzee: wewe ni nani? Makala haya ni majibu niliyoyapata. Kama nimekosea mtaniandikia.

Tuanze na ushahidi wa kumtia hatiani, kwa sababu upo. Picha yenyewe si kubwa. Imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya ubao wa urefu wa sentimita 67 na upana wa 49 hivi, na leo imetundikwa katika jumba la Alte Pinakothek mjini Munich. Lakini anavyokaa ndani yake, bwana we! Zama zile mtu wa kawaida alichorwa akiwa amegeuka kidogo, bega moja mbele, jicho moja karibu nawe kuliko la pili. Kukutazama mbele kwa mbele, uso umegawanyika sawasawa kushoto na kulia kama mizani, hiyo ilikuwa zaidi desturi ya sura ya Kristo. Dürer aliijua desturi hiyo vizuri sana. Hata nywele amezitia giza kuliko alivyozichora miaka miwili kabla. Mkono nao uko karibu kabisa na ishara ya kubariki, ila vidole vimeshika manyoya ya koti, na manyoya ya namna ile yalikuwa vazi la wenye vyeo, si la mafundi. Shangazi hakuwa mjinga. Alisoma picha sawasawa kama mchoraji alivyotaka isomwe.

Kwa hiyo wapo wanaosema: hii ni jeuri tupu. Kijana kajifanya Mungu. Wengine wanamtetea kwamba ni unyenyekevu, maana Wakristo wa wakati ule walifundishwa kumfuata na kufanana na Kristo, naye kafanya hivyo kwa brashi. Wengine wanasema alimaanisha kuwa uwezo wa kuumba sura ni kipaji kutoka kwa Muumba. Kila upande una hoja. Mimi naona wote wanautazama uso mno. Nendeni pembeni. Someni kile alichokikata yule fundi wa Temeke.

Ukiyaondoa maandishi, picha ni Yesu. Shangazi ni shahidi. Ukiyarudisha, ni Albrecht, miaka 28, Nuremberg. Na umri huo ameuandika kwa hesabu kamili: alizaliwa tarehe 21 Mei 1471, kwa hiyo picha ilimalizika kabla ya siku hiyo ya mwaka 1500. Yaani mtu amekwenda mpaka ukingoni kabisa mwa sura ya Mungu, hatua moja zaidi angepotelea humo, kisha akaweka jina, umri, mji na mwaka, kama mtu anayejaza fomu. Mungu hana umri. Mungu hatoki Nuremberg. Maandishi yale ndiyo breki ya picha.

Tena kuna neno moja humo la kuliangalia vizuri. Kitenzi cha Kilatini alichokitumia hakimaanishi kuchora tu. Kina maana ya kuumba umbo, kufinyanga. Na wakati wake si ule wa jambo lililokwisha, bali wa jambo lililokuwa likiendelea. Kilatini sijasoma darasani, lakini Kiswahili chetu kinalibeba jambo hili bila jasho: hakusema "nilijifinyanga", alisema "nilikuwa nikijifinyanga". Mroma Plinius aliandika kwamba wachoraji wakubwa wa Ugiriki walitia saini kwa namna hiyohiyo, ili ieleweke kuwa kazi haijafungwa, bado ingeweza kurekebishwa. Marafiki wa Dürer waliosoma vitabu vya kale walilijua hilo, na mshairi Conrad Celtis alikuwa akimlinganisha na Apelles, mchoraji mkuu wa Wagiriki. Sasa nani anayejisifu kuwa ni Mungu halafu anaandika kwamba kazi ilikuwa ikiendelea?

Lakini nisimtetee kwa kila kitu. Hii si picha yake ya kwanza ya kujichora, na si zote zinafaulu sawa.

Ya kwanza ni ya mwaka 1484. Ana miaka 13. Ameichora kwa ncha ya fedha juu ya karatasi, kifaa kibaya kwa mtoto kwa sababu mstari ukishaukosea hauufuti kirahisi. Mtoto ana mashavu ya duara, ameelekeza kidole pembeni kwenye kitu tusichokiona, na mkono mwingine umefichwa ndani ya mkono wa nguo. Miaka mingi baadaye aliandika juu ya karatasi hiyo kwamba alijichora kwa kutazama kioo alipokuwa bado mtoto. Picha hii iko Vienna, katika jumba la Albertina, na mimi naipenda kuliko nyingi alizozifanya akiwa mkubwa. Baba yake alikuwa sonara na alitaka mwanawe awe sonara. Miaka miwili baadaye, 1486, akakubali mtoto awe mwanagenzi wa mchoraji Michael Wolgemut. Ukitazama ile ncha ya fedha unaelewa ni kwa nini mzee alikubali yaishe.

Ya mwaka 1493, iliyoko Louvre, ni kijana wa miaka 22 ameshika tawi la mmea wenye miiba. Ina aibu nzuri. Ile ya 1498 iliyoko Prado, Madrid, hapo ndipo ninapogombana naye. Kavaa kofia ya mistari, glavu za bei, shati lenye utepe wa dhahabu shingoni, na nyuma yake dirisha linaonyesha milima yenye theluji, kana kwamba anatukumbusha kuwa amesafiri mpaka Italia. Ni kazi safi, mkono hauna kasoro. Lakini ni picha ya mtu aliyevaa ili aonekane. Washikaji, tunamjua mtu huyu. Ndiye yule mwenzetu anayeandika shairi lenye misamiati 40 ya kamusi ili tujue analo kamusi.

Miaka miwili baadaye anafuta vyote. Dirisha halipo, milima haipo, glavu zimevuliwa, kofia imetoka. Nyuma ni giza tu. Umebaki uso, mkono mtupu na jina. Hatua hiyo, kutoka 1498 hadi 1500, ndiyo somo la uhakiki ambalo hakuna semina iliyowahi kunipa: alipoacha kuonyesha alivyo navyo ndipo alipoonekana. Kasoro iliyobaki ni lile koti. Manyoya yamechorwa kwa ustadi hadi unataka kuyashika, lakini bado ni koti la mtu anayeomba apewe kiti. Hapo hakuweza kujizuia.

Na kwa nini aombe kiti? Hapa lugha yetu inatusaidia tena, maana tuna maneno mawili, fundi na msanii, na tunajua ni nani kati yao anayekaribishwa sebuleni. Nuremberg mchoraji alikuwa fundi. Unaagiza picha ya mtakatifu kama unavyoagiza kitanda, unasema upana, unasema rangi. Dürer alipokwenda Venice mara ya pili, 1505 hadi 1507, aliona mambo mengine. Katika barua ya mwaka 1506 alimwambia rafiki yake Willibald Pirckheimer kwamba kule anahesabiwa bwana, lakini nyumbani kwao ni mdoezi tu. Mtu aliyekwisha kujichora na koti la manyoya, na bado kwao ni mdoezi! Nilipoisoma habari hiyo niliacha kumwonea wivu.

Basi akafanya biashara ya jina lake, na hili vijana wenye ndoto za kuandika tulitazame kwa makini. Mwaka 1498 alitoa kitabu cha Ufunuo wa Yohana chenye picha 15 kubwa za kuchongwa kwenye mbao na kupigwa chapa, na alikitoa mwenyewe, bila kumsubiri mchapishaji. Chapa hizo ziliuzwa kote. Mkewe, Agnes, alisafiri kuziuza kwenye gulio kubwa la Frankfurt, na mama yake alisaidia kuuza. Kila karatasi ilikuwa na ile alama, A imeikumbatia D. Wezi nao hawakulala. Vasari anasimulia jinsi Marcantonio Raimondi alivyonakili chapa zake kule Italia, na kesi ilipofika Venice hukumu ikawa kwamba asitumie tena ile alama. Na mwaka 1512 baraza la mji wa Nuremberg lilimwamuru mgeni mmoja aliyekuwa akiuza chapa karibu na ukumbi wa mji aondoe alama ya Dürer iliyoghushiwa, la sivyo mali itachukuliwa. Angalieni kilicholindwa: jina. Sura ya farasi au ya malaika ingeweza kunakiliwa, ila A na D zilikuwa zake.

Na jina lenyewe lilikuwa limefinyangwa. Baba yake alitoka Hungaria, kijiji cha Ajtós, neno linalotokana na mlango. Kufika Ujerumani, ukoo ukalitafsiri jina kwa Kijerumani, likawa Dürer. Nembo ya familia ilikuwa na mlango ulio wazi. Mtoto wa mhamiaji, jina la tafsiri, mji usiomtambua kuwa bwana. Sasa nauliza: mtu kama huyo asiposema "mimi", nani atamsemea?

Hata hapa pwani si jambo geni. Watunzi wa tendi wamekuwa wakifika mwishoni wanatutajia jina, au mwaka, au idadi ya beti, ili karatasi isibaki yatima. Shaaban Robert aliandika kitabu akakiita Maisha Yangu na leo tunakisoma. Yule mzee wa semina anayajua haya kuliko mimi. Alisahau tu siku ile.

Ningeweza kuishia hapa nikiwa nimeshinda kesi. Lakini kuna karatasi nyingine ya Dürer inayoniharibia ushindi.

Mwaka 1521 alikuwa safarini katika nchi za bondeni za kaskazini, mjini Antwerp, na alizoeana na Mreno mmoja, wakala wa mfalme wa Ureno, João Brandão. Katika nyumba ya Brandão alikuwamo mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumishi wake. Dürer akamchora kwa ncha ya fedha, kifaa kilekile cha utoto wake. Kitambaa kimefunika kichwa, kuna pambo juu ya paji la uso, midomo imefungwa, na macho yametazama chini. Juu yake ameandika mwaka, jina Katharina, na umri: miaka 20. Mchoro huo uko Uffizi, mjini Florence.

Jina, umri, mwaka. Ni vitu vilevile alivyojiwekea mwenyewe mwaka 1500. Kwa hilo namheshimu. Wangapi katika karne hiyo walimchora Mwafrika bila hata kumwuliza anaitwa nani? Mkono wake haukumfanyia mzaha wala kumpamba. Lakini tazameni vilivyopungua. Albrecht ana mji. Katharina hana mji. Katharina ni jina la mtakatifu wa Kikristo, na kama mamaye alimwita kwa jina lingine, karatasi haikulipokea. Albrecht anakukazia macho miaka mia tano sasa. Yeye anatazama sakafu. Na lile neno la Kilatini, nilikuwa nikijifinyanga, yeye hana. Yeye alifinyangwa.

Hapo nilielewa kwamba swali la mzee, "wewe ni nani?", halina ubaya wenyewe. Inategemea nani anaulizwa na nani anashika kalamu ya kujibu. Kusema "mimi" kuna ubinafsi, ndiyo, na nimesoma mashairi ya wenzetu yanayojitazama kwenye kioo mpaka kioo kikachoka. Dawa yake si kuifuta "mimi" kama nilivyofanya. Dawa ni ile ya 1500: toa milima, toa glavu, usifiche unatoka wapi. Maana ukinyamaza, haimaanishi utaachwa bila kuchorwa. Atakuja mtu, pengine mwema, mwenye mkono mzuri, akuchore wewe umeinamisha macho.

Nilimpelekea shangazi habari. Niliazima kitabu, nikakifungua mezani, nikasema polepole maana anaumwa presha: "Shangazi, yule si Yesu." Akatazama kitabu, akatazama ukuta, akatazama kitabu. Nilitegemea hasira. Akaniuliza, "Alikuwa na mama?"

Nikamfungulia ukurasa mwingine. Mwaka 1514 Dürer alimchora mama yake, Barbara, kwa mkaa, miezi miwili kabla hajafariki. Ana miaka 63. Mifupa ya shingo imetokeza, paji la uso limejaa mikunjo, jicho moja limekwenda kwake. Alizaa watoto 18. Waliokua wakawa watu wazima ni watatu. Ndiye aliyesaidia kuuza zile chapa. Shangazi, ambaye ameuza maandazi maisha yake yote, alivaa miwani akakaa na ukurasa ule kwa muda mrefu kuliko alivyokaa na ule wa kwanza.

"Huyu, baba," akasema, "huyu ndiye alistahili fremu."

Picha ya ukutani hakuiondoa. Ila nilipokwenda Jumapili iliyofuata nilikuta kipande cha karatasi ya daftari kimechomekwa kwenye pembe ya fremu, mwandiko wake mkubwa wa kalamu ya bluu: ALBERTI, FUNDI. Jina kakosea, nikamwacha. Kazi ya yule wa mkasi ilikuwa imerekebishwa vya kutosha.

Ndugu msomaji, gazeti letu hili dogo hupokea kazi nyingi zisizo na jina, au zenye jina la bandia, eti "Mwana Mpotevu", "Sauti ya Umma". Wengine mna sababu za kweli za kujificha, sitawalazimisha. Lakini wewe mwingine unayejificha kwa sababu mtu mmoja alivua miwani akacheka, lete lile shairi lenye "mimi" ulilolifuta. Chini yake andika jina lako, umri wako, mtaa wako na mwaka. Langu nimeshalirudisha daftarini. Bado nalifinyanga.